Bubu wa Mlango wa Tatu

Nilikuwa nimeapa sitakanyaga mtaa wa Free Area tena, na kiapo hicho nilikitunza vizuri mpaka mwanangu alipopata nafasi katika shule iliyo upande ule wa barabara ya Nairobi. Mwalimu aliniambia sare zinashonwa na fundi mmoja tu, nifuate njia ya kanisani, niulizie plot yenye lango la kijani. Sikuhitaji kuuliza. Nilifika nikiwa nimemshika mtoto mkono, na kabla sijaliona lango nikasikia cherehani. Nilisimama nje nikajifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Ngoja nikuhadithie, rafiki, maana jambo hili nimelibeba peke yangu mpaka limenichosha.

Katika plot hiyo tuliishi nilipokuwa darasa la nne. Vyumba vilikuwa safu mbili zinazotazamana, mabati juu, mbao kando, na katikati ua wa kufulia wenye mfereji mmoja. Mtu wa mlango wa kwanza akipiga chafya, wa mlango wa mwisho alimwambia pole. Asubuhi ua mzima ulinukia mandazi na mafuta ya taa. Mwezi wa Januari upepo ulishuka kutoka mlima Menengai ukatujazia vumbi hadi kwenye chai, nasi tukainywa hivyo hivyo. Jumapili kila jiko lilipika chapati, na watoto tulijua bila kuambiwa ni nani anayepika nyingi na ni nani anayefunga mlango.

Sisi tulikuwa mlango wa tatu. Mlango wa pili alikaa fundi wa nguo na binti yake wa rika langu, na huyo binti ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Nikisema rafiki, usifikiri natia chumvi. Tulikula sahani moja, tulichana nywele kwa kitana kimoja, na mama akinichapa, yeye ndiye aliyelia kwa sauti. Alikuwa na kasoro moja tu: lazima ajue. Sufuria ikifunikwa, ataifunua. Watu wazima wakinong'ona, atakumbuka ghafla kwamba ametumwa chumvi kwao. Mama yake, fundi mwenyewe, alikuwa akimwambia hayo macho yatamletea makubwa. Hayakumletea yeye, yalituletea sisi.

Ule ulikuwa mwaka wa maneno. Hata wewe unaukumbuka, ingawa hatupendi kuutaja. Watu waliozoea kusalimiana niaje na kupita zao walianza kuulizana, kwa upole sana, nyinyi hasa ni watu wa wapi. Huko juu mashambani nyumba zilikuwa zimeanza kuchomwa, na mojawapo ilikuwa ya nyanya yangu, mamake baba. Alifika kwetu na blanketi, kibuyu cha maziwa, na lugha moja tu, ile ambayo mtaani kwetu haikutakiwa.

Najua unataka kujua ni lugha gani. Mtoto wa fundi pia alitaka kujua. Sitakuambia. Nikikuambia utaanza kunipima, kwanza jina, halafu pua, halafu ninavyotamka maneno, na mimi nimepimwa vya kutosha.

Pale plot hakuna aliyejua sisi ni nani hasa. Majina yetu yalikuwa ya kanisani, na tukiwa uani tuliongea Kiswahili tu. Baba alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko safarini. Sasa nyanya huyu, akifungua mdomo mara moja tu kuomba maji, mambo yameharibika. Kwa hiyo mama akawaambia majirani kwamba mzee alipasuliwa koo na hawezi kusema. Siku hiyo hiyo nyanya akawa bubu.

Majirani walimhurumia, lazima niseme ukweli. Walimletea uji, walimletea ndizi, wakamsalimia kwa kupayuka kana kwamba alikuwa kiziwi pia. Yeye alikaa mlangoni na sinia la maharagwe mapajani, akichagua mawe, akitabasamu. Mlango ukifungwa ndipo alipoongea, polepole, na mjukuu wake wa mwisho, ndugu yangu mchanga, begani. Alimwimbia kwa sauti ndogo iliyofanana na maji yakianza kuchemka.

Ukuta wa mbao una tundu, na tundu likiwepo mtoto wa fundi atakuwepo. Siku moja nilitoka kutupa takataka nikamkuta ameinama nyuma ya nyumba, jicho moja limefumbwa, lingine kwenye ubao. Hakuruka wala hakuona haya. Aliinuka akaniangalia kama mtu aliyepewa zawadi.

"Shosho yenu anaongea," akasema. "Kumbe anaongea."

Nilimsihi. Akalamba kidole, akagusa mchanga, akakielekeza mbinguni, haki ya Mungu hatamwambia mtu. Na kwa kuwa alikuwa ameshajua, nikamwingiza ndani. Nilimwamini kwa sababu rafiki ni wa kuaminiwa, la sivyo wa nini.

Tangu hapo alikuja kila alasiri, mama akiwa bado kazini. Tulifunga mlango, tukakaa chini watatu tukachagua maharagwe, na nyanya akamfundisha. Alishika kikombe, akataja jina lake, mtoto wa fundi akarudia. Moto. Kuni. Maziwa. Alirudia vizuri kuliko mimi, bila kuona aibu, na nyanya alipiga paja akicheka huku amejifunika mdomo kwa leso ili ua usisikie. Sijawahi kumwona akiwa na furaha vile katika nyumba yetu. Mama alimficha, baba alimpita akienda kazini, mimi nilimwonea haya. Mtu mmoja tu katika plot ile yote aliyetaka kumsikia alikuwa yule mtoto mwenye macho ya udaku.

Alimfundisha pia neno la kuagana. Kwao mtu hatoki nyumbani hivi hivi. Anayebaki humwambia anayetoka neno moja ambalo maana yake ni kama nenda urudi. Na neno hilo lina jibu lake, ambalo lazima anayetoka alitoe kabla ya kuvuka kizingiti, la sivyo nyanya alimrudisha ndani kwa kumvuta sketi. Kila jioni mtoto wa fundi aliambiwa, akajibu, akatoka akichekelea.

Sasa kulikuwa na wasichana wa blada. Blada ni ile kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Wawili wanaivuta kwa miguu, wa tatu anaruka katikati, kwanza kwenye vifundo, halafu magoti, halafu kiuno. Wasichana hao walikuwa wa darasa la sita, wakichezea nje ya lango letu, na walikuwa na blada ndefu kuliko zote mtaani. Hawakumruhusu yeyote tu. Sisi tulikaa kwenye jiwe tukiwatazama kama mbwa walio nje ya bucha. Mimi nilizoea lile jiwe. Yeye hakulizoea. Alianza kuvaa soksi zake zimekunjwa kama zao, akaanza kusema "aki wewe" kwa pua kama wao, na mimi nikimwita hakunisikia mara ya kwanza.

Siku ile nilikuwa mferejini nikijaza jerikeni. Niliwasikia wakimwuliza, kwa utani, kama haogopi kukaa jirani na bubu, isije ikamwambukiza. Hilo lilikuwa swali la kitoto tu. Angecheka yakaisha. Lakini alikuwa ameona nafasi ya kuingia kwao imefunguka kidogo, naye alikuwa na kitu mkononi ambacho hakuna mwingine alikuwa nacho. Akasimama katikati yao, akainamisha mgongo, akajifunika mdomo kwa kiganja jinsi nyanya alivyojifunika kwa leso, akaanza. Maji. Moto. Kuni. Maziwa. Kwa sauti ileile ya nyanya, kila neno mahali pake. Walicheka mpaka wakaachia blada. Akaona wanacheka, akaongeza lile la kuagana.

Msichana mkubwa wao ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Hiyo si lugha ya wale?" akauliza.

Maji yalikuwa yakimwagika miguuni mwangu na sikuyafunga. Nilimwangalia mtoto wa fundi tu. Najua aliniona. Na najua alielewa, maana kicheko kilimkauka usoni, akafungua mdomo kama anayetaka kulirudisha neno tumboni. Kisha wakamwambia ingia, zamu yako. Akaingia. Akaruka vifundo, akaruka magoti, akafika kiuno.

Kabla jioni haijaingia, kila jiko lilikuwa na habari. Aliyekuwa akimletea nyanya uji alikuja akachukua bakuli lake. Mwenye plot alikuja kesho yake, kofia mkononi, mtu wa adabu. Alimwambia mama kwamba yeye binafsi hana shida na sisi, lakini watu wanaongea, na plot ni ya watu wengi. Mama alimwambia asante. Halafu akafunga mlango akanichapa mimi, kwa mwiko, huku akirudia kwa Kiswahili kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Safari hii hakuna aliyelia upande wa pili wa ukuta. Cherehani iliendelea.

Tulihama na mkokoteni. Majirani walitoka kutazama, wengine walisaidia kubeba, na sijui kipi kiliniuma zaidi. Mlango wa pili ulikuwa umefungwa. Nyanya, ambaye hakuna aliyemweleza sawasawa kilichotokea, alisimama mbele ya mlango ule akangoja, amekishika kibuyu chake, akitaka kuaga. Mama alimvuta mkono. Neno la kuagana halikupata wa kumwambia, akaondoka na jibu lake.

Tukaenda Naivasha, Kihoto, ambako baba alipata chumba karibu na ziwa na ambako watu walitoka kila upande kwa ajili ya kazi ya mashamba ya maua. Pale nyanya angeweza kuongea apendavyo, hakuna ambaye angeshtuka. Lakini mama alikuwa ameogopa hadi kwenye mifupa. Alisema kuanzia leo humu ndani ni Kiswahili, mlango ukiwa wazi au ukiwa umefungwa. Tukatii, maana tulikuwa watoto na kutii ni rahisi. Nyanya alipotuongelesha tulimjibu kwa Kiswahili, naye akatutazama. Baada ya muda akaacha. Uongo tuliousema Free Area tukaufanya kuwa kweli Kihoto.

Kitu kimoja tu aliendelea kukiuliza. Kila akikaa na sinia la maharagwe, alipapasa nafasi iliyo kando yake, akaonyesha kwa mkono urefu wa mtoto, akaniinulia nyusi. Alikuwa anamwulizia mtoto wa fundi. Sikuwahi kumwambia alichofanya. Kwanza sikutaka aumie. Halafu, nilipotaka kumwambia ili angalau na yeye amchukie kama mimi, maneno ya lugha yake yalikuwa yameshaniponyoka. Alikufa akimngoja.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimesimama juzi, nje ya lango la kijani. Mtoto akanivuta, tukaingia. Ua umewekwa saruji. Mfereji haupo, kila chumba kina wake. Mlango wa tatu, mlango wetu, siku hizi ni stoo ya vitambaa vya sare. Na nyuma ya cherehani ya mama yake alikuwa yeye, mnene kidogo, miwani kwenye ncha ya pua, macho ni yale yale.

"Haki ni wewe," akasema. "Umepotea sana."

Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya sare. Akampima mtoto kifua, mabega, urefu wa mkono, akiweka alama kwa chaki. Aliniuliza shosho aliendelea aje. Nikamwambia alifariki zamani. Akaikunja futi iliyoning'inia shingoni, akaikunjua.

"Nilikuwa tu nataka waniruhusu niruke," akasema mwishowe, bila kuniangalia. "Tulikuwa watoto."

"Hata mimi nilikuwa mtoto," nikamwambia.

Alisema nguo zitakuwa tayari Ijumaa. Tulipofika mlangoni aliinama kwa mwanangu, akamshika kidevu, akalitamka. Neno la nyanya, la nenda urudi. Hakuigiza wala hakuinamisha mgongo. Alilisema tu, lilivyokuwa linasemwa. Kisha akainua uso akanitazama mimi, akingoja jibu.

Nilifungua mdomo. Nilitafuta. Nilikuwa nimelisema jibu lile kila asubuhi nikienda shule, mwaka mzima, na sasa nilikuta Kiswahili tupu. Nikamvuta mtoto tukatoka hivyo hivyo, bila kujibu, na hakuna aliyeturudisha kwa sketi.

Njia nzima mwanangu aliniuliza yule mama amesema nini, ni lugha gani, na mtu hujibu aje. Udaku mtupu. Nilimpigia mama simu kumwuliza. Badala ya kunijibu akataka kujua kama huku unga umepanda bei. Baba alishafariki, na mgeni anayejua lugha ile nikimuuliza ataanza kunipima. Ndugu yangu alikuwa mchanga, hana hata neno moja. Chumba cha Kihoto alichofia nyanya ziwa limekichukua, mashua zinapita juu ya pale tulipopikia. Shamba lake la huko juu lina watu wengine. Blada yenyewe watoto wa siku hizi hawaijui. Kote nilikotafuta hakuna jibu lile, isipokuwa mahali pamoja.

Sijamsamehe, na sidhani nitamsamehe. Lakini Ijumaa itabidi niende mwenyewe, nisimame mbele ya cherehani ile, nimwombe aliyemuuza nyanya yangu anifundishe kumjibu.