Kufuli Juu ya Sauti ya Baba

Marehemu baba alisomesha darasa msikitini kwetu miaka mingi, kila baada ya alasiri, na wanafunzi wakamrekodi kwenye kanda. Kanda hizo tulizitia kwenye tovuti ya msikiti. Dada yangu mkubwa, ambaye miguu haimruhusu tena kushuka ngazi za nyumba yake mtaani Ndia Kuu, alikuwa akifungua simu kila asubuhi akimsikiliza baba huku anakunywa kahawa ya tangawizi. Alhamdulillahi, si kila ajuza husomeshwa na babake.

Kisha tovuti ikahamishiwa kwenye seva mpya, nami nikaingiwa na hofu kuwa atatokea mtu akate maneno ya baba, au atie yake. Kamati ya msikiti ikanikabidhi nywila, kwa kuwa ndimi niliyerithi darasa la baba. Nikabonyeza kila palipotajwa ulinzi, kwa bismillahi, hata pale nisipopaelewa.

Asubuhi yake dada akanipigia simu.

"Baba hasemi."

"Hasemi vipi?"

"Yatoka maandishi ya Kizungu. Nimesomewa, ati nimekatazwa. Nimekosa nini mie?"

Nikafungua kompyuta yangu, nikaingia kwa nywila. Baba akasoma vizuri kabisa, na kikohozi chake.

"Mbona mimi namsikia? Ni simu yako hiyo."

Akanunuliwa simu nyingine. Baba hakusema.

Hapo nikaikabili kamati. Niliwaeleza kwa kirefu juu ya amana na uzembe. Mwenyekiti akashusha pumzi, akasema huu ni mtihani. Katibu aliutazama mkeka kana kwamba una maandishi. Tukaazimia kusubiri. Juma la pili tukaunda kamati ndogo ya uchunguzi, nikachaguliwa kuiongoza bila mpinzani, nami nikamhoji kila mmoja wao. Halua ya vikaoni ilikuwa nzuri. Dada, kule kwake, alikunywa kahawa yake bila baba.

Ni yeye aliyechoka kwanza. Chini ya nyumba yake amepanga binti mmoja wa bara, mtu wa kanisani, afanyaye kazi ya kompyuta katika ofisi moja bandarini. Dada akamwita, nami nikaitwa nije na nywila yangu. Binti alitazama kwa muda wa kumenya chungwa.

"Mzee, faili zote hizi zina mwenyewe mmoja, na ni wewe. Wengine hawana ruhusa hata ya kusoma."

"Hata wasikilizaji?"

"Hata seva yenyewe haina, sasa itawapa nini? Wewe unasikia kwa sababu ni zako."

Dada alinitazama tu, jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nimemaliza tende peke yangu.

Nikaona haya, nikataka kurekebisha kwa mkono wangu. Nikaruhusu faili zote zisomwe na watu wote. Dada akajaribu: amekatazwa.

"Umefungua vyumba," binti akasema, "lakini folda inayozibeba bado imefungwa. Ni kama mlango wa nje una komeo. Wageni watapitia wapi?"

Akaifungua yeye: watu wapite, wasome, wasibadilishe kitu. Baba akakohoa, akaanza. Dada akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Baada ya alasiri nikamwendea katibu.

"Mlijua kuwa ni mimi?"

"Tangu siku ya kwanza, maalim."

"Na hamkunambia?"

"Tungeanzaje? Weye ndiye uliyetufunza adabu."

"Na ule uchunguzi?"

"Tuliona umeupenda."

Nikamshukuru Mungu kwa wanafunzi walioshika masomo yao barabara. Watu wazima sita walimwacha mwanamke mgonjwa bila sauti ya babake wiki mbili, wasimvunjie heshima nduguye. Yule binti, ambaye hakuwahi kuketi darasani kwangu, alihitaji dakika chache tu.

Nikarudi kwa dada nikamweleza yote. Akapunguza sauti ya simu kidogo.

"Na sasa ni nani awezaye kubadilisha?"

"Mimi peke yangu."

Akapaza sauti ngazini, akamwita yule binti. Binti akapanda.

"Mpe hiyo nywila," dada akaniambia. Akamgeukia binti. "Nawe mwanangu, ibadilishe, na huyu usimwambie."

Ikabadilishwa mbele yangu, nami nikageuza uso kwa adabu. Tangu siku hiyo baba namsikiliza kama watu wote: napita, nasoma, sibadilishi kitu.