Saa ya Chai kwa Kihispania

Dada yangu ana nyumba ndogo ya wageni Kilwa Masoko, vyumba vinne na baraza. Mwaka jana alipata wageni wake wa kwanza kutoka Hispania, mke na mume waliokuja kuona magofu ya Kisiwani. Waliomba chumba cha usiku mmoja tu. Wasipopendezwa, wangeendelea Lindi. Dada alitaka wakae. Kwa hiyo kibao chake cha mlangoni, kilichoandikwa Breakfast time, alitaka kisomeke na kwa lugha yao.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Kihispania nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi ya mtumba, kwa hiyo kazi ikaniangukia.

Breakfast haikunisumbua. Time ilinichukua jioni nzima. Kamusi ilinipa maneno matatu: tiempo, hora na vez. Waingereza wamelibebesha neno moja mizigo yote hiyo. Nikalipitisha kwanza kwenye Kiswahili, maana sisi tunaigawa: wakati, saa, mara. Vez ni mara, ikatoka. Tiempo ni wakati, lakini pia ni hali ya hewa, na chai haina mawingu. Ikabaki hora. Nikaandika kwa chaki Hora del desayuno, nikaacha nafasi ya namba, kwa kuwa saa ya chai hupangwa na dada.

"Neno moja unalichonga kama mtumbwi!" alisema.

"Likiharibika, aibu ni yako mwenye nyumba."

"Haya, Mhispania wangu, kalale. Namba naijua mwenyewe."

Asubuhi, saa mbili, meza ilikuwa tayari: vitumbua, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi. Wageni walikuwa barazani, wamekwishavaa, wanatabasamu, lakini hawaji mezani.

"Hata harufu hawajaipenda," dada akaninong'oneza. "Hao ni wa Lindi."

Nikawaendea, nikauliza kama hawana njaa. Mume akaonyesha kibao. Njaa wanayo sana, alisema, ila hawakutaka kuvunja desturi ya wenyeji. Chini ya maandishi yangu dada alikuwa ameandika 2. Nami nilikuwa nimeipita namba hiyo wakati naingia, nikaiona sawa kabisa.

Nikawaeleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa kunapokucha, hivyo mbili yetu ni nane yao. Mke alicheka mpaka akashika nguzo. Vitumbua havikubaki.

Nilipochukua kitambaa niifute ile 2, dada akanishika mkono. "Acha. Nimeshawaandikia wageni, nitatimiza."

Saa nane mchana, yaani mbili yao, walirudi kutoka Kisiwani, wakakuta meza imetandikwa upya, chai na vitumbua vya moto, kama kibao kilivyosema. Mume akanivuta pembeni.

"Anasemaje?" dada aliuliza kabla mgeni hajamaliza.

"Anauliza kama chumba kipo hadi Ijumaa."

"Mwambie kipo. Na muulize, kesho chai wanywe saa mbili yetu au yao?"

Nikamuuliza. Akajibu: zote mbili.