Sauti ya Juu Ina Mwenyewe

Saa nne asubuhi ya Ijumaa, Herbert Simiyu ameketi kwenye ngazi za jengo wanamolala walinzi wa kampuni yake, mtaani Najma, Doha. Anaalisha vidole, anasafisha koo, kisha anaachia sauti nzito inayotoka tumboni: "Dum, dum, du-dum." Wenzake wawili, Paul na Silvesta, wanaidaka. Hawana hata gitaa, ila ngazi zina mwangwi.

Muziki huu ni doo-wop. Vijana weusi wa Marekani waliuimba miaka ya hamsini, na hata kabla, kwenye kona za mitaa na ngazi za shule. Wengi hawakuwa na hela ya ala, basi koo zao zikawa ngoma, gitaa na tarumbeta. Kuna vikundi vilivyovuma kwa wimbo mmoja tu, halafu kimya.

"Wengi walikuwa watu wa mkono kwa kinywa, kama sisi," anasema Herbert. "Kelele yote hiyo, na bado asubuhi ni kazi."

Aliurithi kutoka kwa santuri za baba yake, fundi mitambo wa Webuye, magharibi mwa Kenya. Akiwa kijana aliunda kikundi kanisani Kimilili. Yeye alishika sauti ya chini; ile ya juu kabisa, ambayo Marekani mara nyingi mwanamume huibana kooni, aliimba msichana aitwaye Nasimiyu. Alimpendea sauti kwanza, mengine yakafuata. Wakaoana.

Alikuja Qatar mwaka 2009. Sasa ni 2014, na likizo aliyopata ni moja tu, aliyoimalizia kwenye matanga ya baba yake. Nani angeimba?

Waliwahi kujaribu kwa simu. Sauti ilichelewa njiani. Yeye akifika neno la pili, mkewe yuko la kwanza. Walicheka, kisha Nasimiyu akasema waache, wasije wakauharibu wimbo. Hawajajaribu tena.

Ndiyo maana pale ngazini nafasi ya juu imebaki wazi. Philip, Mganda wa Mbale anayelala chumba cha jirani, ana sauti hiyo hasa, na ameomba mara nyingi. Herbert humjibu hivyo hivyo kila mara: "Hiyo sauti ina mwenyewe."

Wiki iliyopita Philip hakuomba. Alikuwa anashuka na beseni la nguo, akasimama ghorofa ya juu, akaiimba sauti ile. Paul na Silvesta hawakuacha. Herbert aliinuka, akatoka nje, akaenda kusimama juani mbele ya duka la chai.

"Nilikasirika," anakiri. "Lakini kilichoniuma ni kwamba ilikuwa tamu. Miaka mitano sijasikia wimbo ukiwa mzima. Nikaona, nikiketi hapa siku nyingine mbili tatu, nitazoea. Nitaacha kumngoja."

Kampuni ilikuwa imempa mkataba mpya wa miaka miwili, naye alikuwa ameshaamua kutia saini, maana binti yao Cheryl yuko sekondari na karo haina huruma. Jumapili alimwambia msimamizi wake kwamba hatasaini. Ataondoka Agosti. Anataka kufungua karakana ndogo ya kuchomelea vyuma Kimilili, na anajua mwaka wa kwanza utakuwa mgumu.

Philip alipomfuata kuomba radhi, Herbert alimwambia aje kuanzia Ijumaa ijayo, akae pale pale juu. Kuhusu pengo la sauti ya chini atakaloliacha, watajua wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kumpigia mkewe. Alitegemea kelele za furaha, au ugomvi wa karo.

"Baba Cheryl, nikuambie ukweli," Nasimiyu akasema. "Ile sauti ilishuka. Nimejaribu jikoni, haifiki tena huko juu."

Herbert anatazama ngazi kabla ya kutuambia alichomjibu.

"Nilimwambia, basi tutaushusha wimbo. Imba pale unapofika, Mama Cheryl. Mimi nitakufuata huko chini."