Nusu ya Kichwa

Jumamosi moja ya mwaka tisini na tano nilikuwa nangoja kunyolewa katika saluni ya Matonge, mtaa wa Wakongo jijini Brussels, mara binti wa sekondari akasimama, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imetimka.

"Maman," akamwambia msusi, "saa ya mashindano ya mbio imefika."

Msusi akabaki na kitana hewani. "Batu batakucheka!"

"Bon, bachekee mugongo yangu." Akatoka.

Saa kumi, zamu yangu ikiwa bado, akarudi, magoti yamejaa matope.

"Wa ngapi?" msusi akauliza.

"Quatrième." Akainua vidole vinne, akaketi kiti kile kile. "Maliza, maman. Jioni klabu yetu ya Kiswahili iko na fête, na mwenye kufungua sherehe ni mimi."

Mimi, niliyeahirisha kunyolewa wiki mbili kwa sababu ya mvua, nilijificha nyuma ya gazeti.