Sahani ya Mgeni

Usiku ule nililala nimeshakata shauri. Kiroba kilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na kamba juu yake, na kaka Bakari, muuza samaki anayepita mtaani kwetu na baiskeli, alikuwa ameniahidi kupita asubuhi kabla hajaenda sokoni. "Mtie ndani umfunge vizuri," aliniambia. "Paka asiyeiona njia harudi." Nami sikutaka arudi.

Paka mwenyewe aliitwa Mgeni. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyempa jina hilo, siku alipojitokeza uani akiwa kitoto, macho yamejaa tongo. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miaka tisa na jembe hakuligusa. Hata panya walikuwa wakipita mbele yake bila haraka. Bibi alipofariki aliniachia nyumba ya Ngamiani, cherehani yake ya zamani, na kiumbe huyo.

Analia. Sijui niseme vipi mtu aelewe. Analia kabla ya adhana ya alfajiri, analia nikichemsha chai, analia nikiwa nimempa dagaa dakika ile ile na dagaa wako mbele yake. Anakula wawili watatu, anainua kichwa, ananitazama, anaanza tena, nyaau, nyaau, sauti ndefu ya puani kama mlango uliokosa mafuta. Udenda unamtoka. Meno yake mawili yameoza, na pumzi yake inanuka maji ya samaki yaliyolala. Manyoya yake nayakuta kwenye vitambaa vya wateja. Wiki ile mama mmoja alinirudishia gauni la harusi la binti yake, amelishika kwa vidole viwili, akasema, "Fundi, hili linanuka paka." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Tangu siku hiyo nikimwona tu Mgeni nilisikia kichefuchefu.

Na msinione katili. Nilimpa vichwa vya samaki, nikampa maziwa, nikampa uji. Jirani yangu Mama Chausiku akasema ana minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Akasema ana jini, hapo nikaacha kumsikiliza.

Basi nikalala. Katika usingizi nikamsikia analia, nikaenda jikoni pekupeku na hasira zangu. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka kwenye ndoo ya maji. Jikoni hapakuwa na paka. Sauti ilikuwa inatoka chumbani kwa bibi, chumba ambacho tangu msiba nimekuwa nikiwekea vitambaa. Nikasimama mlangoni nikasikiliza. Nyaau, nyaau, halafu sauti ikaingiwa na maneno.

"Zuhura. Zuhura, njaa."

Niliijua. Mwaka wa mwisho wa maisha yake bibi aliniita hivyo kutwa nzima. Akili ilikuwa imeanza kumtoka, akisahau siku na majina, lakini langu hakulisahau hata mara moja. Namaliza kumpelekea sahani, narudi kwenye cherehani, na kabla sijapitisha uzi kwenye sindano ananiita tena. Njaa. Naenda nakuta chakula kimefunikwa kama nilivyokiacha, au amekula tonge moja na mengine yako kifuani. Na ile harufu ya chumba, na khanga zilizolowa. Nilimsafisha, Mungu ananiona, nilimsafisha kila siku, ila nilimsafisha nimebana pumzi na macho nimeyapeleka ukutani. Nilikuwa namwonea kinyaa bibi yangu. Na ipo siku moja niliufunga mlango wake nikaongeza sauti ya redio. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Nafungua mlango. Bibi hayupo. Juu ya kitanda kuna kiroba, kimefungwa kwa kamba yangu, kinatikisika. Nakipandisha begani, kizito kuliko paka yeyote, natoka nacho barabarani. Watu wananisalimia kama kawaida. "Habari za mchana, fundi." "Nzuri." Na ndani ya kiroba kitu kinalia, na kila hatua ninayopiga kinanilowesha mgongo. Kwa harufu najua kimenilowesha na nini. Natamani kukibwaga pale pale nikimbie kuoga, lakini natembea, natabasamu, naitikia salamu. Nafika sokoni, na soko si soko. Ni uani kwetu, siku ya arobaini ya bibi.

Turubai limefungwa. Masinia yako chini juu ya mikeka, wanaume upande ule, wanawake upande huu, pilau inafuka moshi, mikono inaingia na kutoka. Tulipika sana siku ile. Watu walikula wakashiba, wakamwombea bibi dua, na wakati wa kuaga wote walisema fundi amemtendea bibi yake mema. Nilizipokea sifa zile. Sasa nakitua kiroba chini, na kiroba ni kitupu, na sikumbuki kukifungua.

Bibi amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, mbali na watu. Amevaa khanga yake ya kijani, ile tuliyompa Mama Chausiku baada ya msiba. Mbele yake hakuna sinia. Kuna sahani ya Mgeni, ya bati, yenye ukingo wa buluu uliobanduka, na ndani yake dagaa wa jana, pembeni wamekauka, katikati wana utelezi, na nzi juu yao. Mgeni yuko ubavuni kwake. Wanakula wote wawili. Bibi anachota kwa vidole vitatu upande wake, paka anakula upande wake, hakuna anayemwingilia mwenziwe. Udenda unamshuka paka kidevuni, na bibi naye unamshuka.

"Shikamoo bibi," nasema, maana hata ndotoni adabu haimwachi mtu.

"Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mtoto, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Karibu tule."

"Nimeshiba."

"Hujala."

"Bibi, hicho chakula cha paka. Kimechacha. Ngoja nikuletee pilau, iko tele."

Akaacha kutafuna, akanitazama. Macho yake hayakuwa yale ya mwaka wa mwisho. Yalikuwa macho ya mwanamke aliyenifundisha kukata kitambaa bila kukipima mara mbili.

"Unanitazama tena hivyo," akasema.

Sikumuuliza hivyo vipi. Niliuhisi uso wangu mwenyewe, pua imekunjwa, midomo imebanwa. Ulikuwa ndio uso niliokuwa nikiingia nao chumbani kwake na sahani mkononi.

"Chakula nilikuletea," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejitetea barazani kwa wazee. "Kila siku. Hukulala njaa hata siku moja."

"Uliniletea. Ukaweka, ukafunika, ukaondoka."

Hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukisahau, ila nilikuwa nimekikalia. Bibi hakuwa mtu wa kula peke yake. Nyumbani kwake hapakuwa na sahani ya fulani na sahani ya fulani; lilikuwa sinia moja, na kama kuna muhogo mmoja unakatwa vipande kwa hesabu ya waliopo. Ukichelewa anakungoja, hata chakula kipoe. Alisema anayekula peke yake hajala, amejaza tumbo tu. Babu alipokufa na watoto wakaenda zao, akabaki na paka. Akawa anaweka sahani ya Mgeni kando ya yake, tonge huku, dagaa kule, wanakula pamoja na anamsimulia habari za mtaani. Mimi nikija kumtembelea niliuona ni uchafu. Siku niliyohamia kwake kumuuguza, jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kufungua begi langu, ni kuitoa sahani ya paka chumbani nikaiweka nje ya mlango wa jikoni. Nikanawa mikono. Nilijiona nimeanza vizuri.

"Mimi ulinifungia ndani na sahani," bibi akasema, bila hasira. "Yeye ukamfungia nje na sahani. Tukawa tunaita."

Nyuma yangu watu wa arobaini wanakula. Nawasikia wanavyokaribishana, chukua nyama hiyo, sogea, bado kuna nafasi. Masinia yote yale ni kwa ajili yake, na hakuna hata moja alilokaribishwa yeye. Natamani kumwambia nisamehe bibi. Anasogea kidogo kwenye kizingiti, anapapasa saruji kwa kiganja, mahali pangu.

Nachuchumaa. Napeleka mkono kwenye sahani. Ni baridi, inateleza, na paka hanipishi. Nachota dagaa wawili, naweka kinywani. Nasikia mchanga kwenye meno, nasikia uchungu wa matumbo yao, mwili mzima unakataa, machozi yananitoka kwa kinyaa. Natafuna. Nameza. Nachota tena. Bibi anakula, paka anakula, nami nakula, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile hakuna anayeniita.

Bibi akajifuta vidole kwenye pindo la khanga ya kijani.

"Sasa nimekula," akasema. "Huyo mwenzangu bado yuko kwako."

Nikaamka na ladha ya dagaa mdomoni. Kumekucha. Nje ya mlango wa jikoni Mgeni alikuwa ameshaanza, nyaau, nyaau. Nilikaa kitandani nikalia, na nilijikasirikia kulia, maana bibi alikuwa ameniita mwaka mzima na mimi nikaongeza redio, na kilio cha leo hakimfikii. Mama Chausiku nikimsimulia atasema bibi anataka sadaka, nipike watu waje. Lakini watu walishakuja, walishakula.

Nilifungua mlango. Nikaiokota ile sahani ya bati, nikaiosha kwa sabuni mara mbili, maana mimi ni mimi. Nikapasha dagaa moto. Nikajimiminia chai, nikachukua kiporo cha muhogo cha jana, nikakaa chini kwenye kizingiti, na sahani yake nikaiweka kando ya yangu.

Akala wawili watatu, akainua kichwa kama kawaida yake, akanitazama. Nilikuwa bado nipo. Akainamisha kichwa akaendelea. Ananuka, sisemi uongo. Anatafuna upande mmoja kwa ajili ya yale meno, mate yanaruka mpaka mguuni kwangu, na sauti ya ulimi wake kwenye bati inanisisimua mwili. Nikajikuta nimebana pumzi na macho yako ukutani. Nikayarudisha. Nikaiachia pumzi, nikavuta nyingine, na harufu yake yote.

Alikuwa amefika kwenye dagaa wa mwisho kengele ya baiskeli ilipolia mbele ya nyumba.

"Hodi," kaka Bakari akaita. "Da Zuhura, yuko tayari?"

Mgeni hakuinua kichwa.

"Tunakula, kaka Bakari," nikamwambia. "Karibu."