Nyuma ya Maua ya Wino

Siku ile tulikuwa wanne. Mimi, mjukuu wangu aliyezaliwa na binti yangu wa pili, wifi yangu wa mtaa wa Farsta ambaye ni dada wa marehemu mume wangu, na Mrundi mmoja wa mtaa wa Hässelby ambaye tulisafisha ofisi za Waswidi pamoja mpaka magoti yakatukataa. Majina yao yote ninayo, na ya watoto wao, na ya waliotuoza. Yakae kichwani. Wa tano alikuja baadaye, msimamizi wa mjukuu wangu. Lake pia ninalikumbuka, maana alilivaa kifuani.

Mjukuu alikuwa analinda vyumba vya makumbusho kwa majaribio. Zilibaki wiki mbili aambiwe kama atabaki au la. Mama yake alitaka akasomee uuguzi, akasema, ukipata kazi hiyo ya kudumu nitanyamaza, usipoipata utanisikia. Mtoto aliitaka kazi ile mpaka akawa anapiga pasi suruali ya sare kila asubuhi, yeye ambaye hajawahi kutandika kitanda. Ndipo akatualika tukaone anachokilinda.

Alitupeleka moja kwa moja kwenye karatasi ndefu, ina kijiti juu na kijiti chini, imening'inia wazi bila kioo, mbele yake kamba ya kuzuia watu, imefungwa chini ya goti.

"Nyanya, hii ndiyo nilitaka uione. Ni picha ya Mchina wa siku hizi. Maua."

Nilitafuta maua. Niliona wino mweusi umemwagika, umechuruzika, mahali pengine umefifia kama maji ya kupigia deki. Pembeni muhuri mwekundu. Nusu ya karatasi haikuguswa kabisa. Ua jeusi mimi sijaliona popote, labda lililooza kwenye chombo nyumba ya mtu mvivu. Hata harufu yake niliisikia, ile ya mashina yaliyolala majini wiki mbili. Mate yalinijaa mdomoni.

"Amemaliza?" nikauliza.

"Amemaliza."

"Basi rangi ilimwishia."

"Huyo alikuwa anapangusa brashi," wifi akasema.

"Msicheke, dada zangu," Mrundi akasema. "Sisi tungeacha ukuta hivi, tungefukuzwa kabla ya saa nne."

Mjukuu hakucheka. "Pale peupe ameacha makusudi," akasema polepole. "Ndiyo maji."

Sasa nieleze jambo moja. Kwetu, msichana akileta kitambaa cha kochi alichokidarizi, hakuna anayetazama maua kwanza. Tunakigeuza. Mbele panadanganya, nyuma ndiko kwenye mafundo na nyuzi zilizorukishwa. Mama mkwe wangu alinirudishia vitambaa sita bila kutazama mbele ya hata kimoja. Na mimi nimewarudishia wengi. Mkono wangu umezoea hivyo.

Kwa hiyo niliruka ile kamba kwa mguu mmoja, nikashika kijiti cha chini, nikainua.

Nyuma palikuwa peupe kabisa. Karatasi nyingine imegandishwa kwa gundi juu ya ile ya kwanza, kama mwanamke anayeshonea bitana ili mafundo yasionekane.

"Nilijua," nikasema. "Amefunika."

"Nyanya, acha," mjukuu akasema, na sauti yake haikuwa yake.

Msimamizi alifika haraka, bila kelele. Aliuliza kwa Kiswidi nani amegusa. Hayo maneno nayaelewa. Ukisafisha ofisi za watu ndiyo ya kwanza kujifunza. Wifi akanifinya. "Wewe leo hujui Kiswidi," akaninong'oneza. Nikatazama sakafu.

Mjukuu akasema ni yeye. Akasema alikuwa anainyoosha, imepinda. Wakaondoka wawili.

Sisi tulishuka kwenye mkahawa wa makumbusho. Nikanunua mkate wa mdalasini, nikaula. Niliumaliza, nikalamba na sukari ya vidoleni. Nikikumbuka hilo natamani kutapika kuliko nilivyotamani mbele ya wino.

Wiki mbili zikaisha, hakubakishwa. Mama yake alimwambia jikoni kwangu, mtaa wa Vårby gård, kwamba ana mikono mizembe, na fomu za uuguzi zilikuwa mezani. Nilikuwa nachambua mchicha. Nikaendelea kuchambua. Mtoto akanitazama, akaniita mormor, kwa Kiswidi, kama wanavyoita wao nyanya mzaa mama. Tangu azaliwe ananiita nyanya.

Jumatatu nilipanda treni peke yangu, nikamtafuta yule msimamizi, nikamwambia kwa Kiswidi changu cha ndoo: mimi nimegusa, si yeye.

"Najua," akasema. "Kamera ilionyesha. Mgeni akigusa, mlinzi hafukuzwi. Lakini mlinzi akitudanganya kuhusu kilichoguswa, hatuwezi kumwachia chumba."

Alinishukuru kwa kuja. Ule upole wao unakera kuliko matusi.

Basi uwongo ndio uliomponza, na nafasi ya kuusema nilimpa mimi, kwa kutazama sakafu. Binti yangu bado hajui. Nitamsomea haya niliyoandika Jumapili, yeye na wanawe, wifi na Mrundi wakiwepo. Wifi, na wewe Mrundi, nyie wawili mlikuwepo. Kama nimekosea mahali, mguu niliorukia kamba, au nani alinifinya, nisahihisheni hapohapo, mbele ya binti yangu. Kuhusu ua msijisumbue. Lilikuwa baya.