Mtu wa Kuangalia Ndege

Kuna watu wana kazi za kueleweka. Fundi viatu anashona viatu, muuza dagaa anauza dagaa. Ndalahwa wa Mkuyuni yeye alikuwa analipwa kuangalia ndege. Ndiyo, ndege hawa hawa! Kila asubuhi, mtu mzima na ndevu zake, anavaa kaptura ya kaki, anatundika darubini shingoni na kwenda kwenye loji moja ya ufukweni mwa ziwa, nje ya mji, kuwaonyesha wageni furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe, pamoja na pimbi wa kwenye mawe na kenge wanaoota jua. Halafu jioni anarudi eti amechoka. Majirani walimpa pole huku wakibana kicheko.

Zamani alikuwa fundi ujenzi, na mama mkwe wake hakuwa na neno. Alipohamia kwenye kazi ya ndege ndipo mambo yalipoharibika. Mama huyo analima mpunga upande wa Busisi, ng'ambo ya ziwa, na kwa mkulima wa mpunga ndege ni mwizi tu. Watoto wanashinda shambani wakigonga makopo kumfukuza. Sasa mkwe wake anamfuata mwizi na darubini, amtazame vizuri! "Hata sanamu ya shambani ina faida kuliko huyo," mama alisema. Getruda, mke wa Ndalahwa, alipokwenda kumsaidia palizi, akazuiwa huko huko. Atarudi siku mume atakapopata kazi.

Nyumba ikamshinda Ndalahwa. Alisonga ugali wa madonge, akaula peke yake, akamkumbuka mkewe mpaka akawa anaongea na sufuria. Mwisho akatuma ujumbe kupitia kwa mjomba wa Getruda: basi mama aje aione hiyo kazi kwa macho yake. Moyoni alijua hatakuja. Lakini zile enzi za kusingizia foleni ya kivuko zimekwisha, siku hizi kuna daraja, na mama wakwe wanavuka wanavyotaka. Jumamosi huyo hapo lojini, kitenge kipya, Getruda nyuma yake.

Sasa, mkwe wa Kisukuma aliyelelewa akalelewa hamsogelei mama mkwe. Hamgusi, hamkazii macho, na kumpandishia sauti ndiyo kabisa usiseme. Ndalahwa akachuchumaa kule mbali akaamkia. Mama akaitikia marahaba akiwa amelitazama ziwa. Vizuri sana. Ila boti ya loji ina urefu wa kitanda na nusu. Umbali wa heshima utaupata wapi humo? Mama akakaa mbele, Ndalahwa nyuma kwenye injini, Getruda katikati awapelekee maneno.

Walipofika kwenye mafunjo Ndalahwa akazima injini. "Mwambie mama, yule pale juu ni furukombe."

"Mama, yule pale juu ni..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Muulize huyo wa ndege, analiwa?"

"Mwambie haliwi."

"Yeye anakula nini?"

"Samaki."

"Kumbe! Anatumalizia samaki wetu, na watu wanatoka Ulaya kuja kumpongeza."

Ndalahwa alikuwa bado anatafuta ndege mwenye tabia nzuri wa kumwonyesha, mara maji yakapasuka kando ya boti. Kiboko! Masikio, macho, na pumzi moja nzito iliyowalowesha wote. Mama akaruka wima akipiga mayowe, boti ikalala upande, maji yakaanza kuingia.

"Getruda, mwambie mama akae!"

Getruda alikuwa amejifunika khanga usoni, yuko katikati ya Baba Yetu. Kiboko akazama. Hapo ndipo Ndalahwa alipoogopa kweli, maana kiboko unayemwona ana nafuu. Akamruka mkewe, akamshika mama mkwe mabega yote mawili, akamkalisha kwa nguvu. "Kaa chini! Nimesema kaa, na unyamaze!"

Mama akakaa. Akanyamaza. Ndalahwa akarudi kwenye injini, akairudisha boti kinyumenyume, na pale walipokuwa kiboko akaibuka, kinywa wazi.

Safari ya kurudi Ndalahwa alikuwa na hofu mpya, na wala si ya kiboko. Amemgusa! Amemfokea! Hongera, baba, ndoa umeizika mwenyewe ziwani, na mashahidi wapo.

Ufukweni mama akaketi juu ya jiwe, akakikamua kitenge chake taratibu. Ndalahwa akachuchumaa mbali kuliko asubuhi, kichwa chini.

"Getruda," mama akaita. "Mwambie mumeo."

Ndalahwa akainua kichwa. Tangu Getruda azuiwe Busisi, hilo neno "mumeo" mama hakuwa amelitamka.

"Mwambie mumeo amenishika, na amenifokea mbele ya mwanangu. Faini yake mbuzi. Amlete mwenyewe nyumbani, siku atakayokuja kukuchukua."

Getruda akamgeukia mumewe, akafungua mdomo apeleke ujumbe, machozi yakatangulia.

"Nimesikia," Ndalahwa akasema.

Mama akasimama, akajifunga kitenge upya. "Na asichelewe. Mpunga umeanza kuiva, ndege wamejaa tele. Aje na hayo madude yake ya machoni, awaangalie."